Paka wa Siam Arusha na Moshi: dalili zinazotisha, chanzo chake, na la kufanya

Ukifuga paka wa Siam Njiro, Kijenge au kule Moshi Shanty Town, maswali hayaishi. Mbona anageuka rangi? Mbona analia hivyo usiku? Mbona ametafuna sweta ya shule? Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, maana mwenye paka huanza na anachokiona, jina la ugonjwa huja baadaye. Nalisisitiza jambo moja kuliko yote: paka huyu ana maumbile na tabia za kuzaliwa nazo ambazo asiyemjua huziona ni maradhi, halafu maradhi yake ya kweli huyaona ni tabia. Mtu anampa dawa kwa kisichouma, kinachouma anakiacha.

Ninayemzungumzia ni yule mwenye manyoya mafupi yaliyolala, mwili wa rangi ya krimu, na uso, masikio, miguu na mkia uliokolea. Macho yake ni ya bluu. Kwao ni Siam, yaani Thailand ya leo. Wazungu walimwona kwenye maonyesho ya paka ya Crystal Palace, London, mwaka 1871, na mwaka 1884 Edward Blencowe Gould, balozi mdogo wa Uingereza huko Bangkok, alimpa dada yake dume na jike ambao walionyeshwa mwaka uliofuata. Ni paka wa nchi ya joto, na chini ya manyoya yake hakuna tabaka nene la kumkinga na baridi. Karibu kila kitu kinachofuata kinaanzia hapo.

Anageuka mweusi

Hili ndilo linaloleta simu nyingi, hasa kuanzia Julai.

Rangi ya paka wa Siam inaongozwa na joto la ngozi. Ana kasoro kwenye kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya nywele: kikipata joto la kawaida la mwili, ambalo kwa paka ni kama nyuzi 38 hadi 39, hakifanyi kazi, ngozi ikipoa, kinafanya. Ndiyo maana ncha za mwili, zinazopoa haraka, ndizo zinazokolea, na kifua na tumbo vinabaki vyeupe. Ndiyo maana pia watoto wake huzaliwa weupe kabisa. Tumboni mwa mama hakuna baridi. Ncha huanza kuonyesha rangi siku na wiki zinazofuata.

Sasa mchukue paka aliyekulia Moshi, chini ya mita 900, mlete Arusha kwenye mita 1400 hivi, tena Juni ukungu ukiwa umekaa hadi saa nne asubuhi. Nywele zitakazoota kipindi hicho zitaota nyeusi zaidi mgongoni na mapajani. Hutaona siku hiyohiyo, kwa sababu nywele huchukua wiki kadhaa kuota. Rangi unayoiona leo inakueleza baridi ya wiki zilizopita. Kinyume chake, paka wa Arusha akienda kukaa Pasua, Moshi, kuanzia Desemba, anarudi kuwa mweupe kadiri anavyobadili manyoya. Umri nao unamkoleza taratibu, na mzee wa miaka 12 hawezi kuwa na mwili mweupe kama wa mtoto.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuja kwangu mwezi wa Agosti na jike lake amelifunga kwenye khanga. Juni alikuwa amepelekwa kufungwa kizazi, akanyolewa ubavuni. Nywele zilizoota hapo zilikuwa kahawia iliyokolea, mraba mtupu, kingo zimenyooka kama kiraka cha suruali.

"Mwanangu, wamemuunguza huyu."

"Hapana, mama. Hebu shika hapa. Ngozi laini, hakuna kovu, wala hajishituki."

Aliponyolewa, ngozi ilikaa wazi kwenye baridi, ikapoa, nywele zikaota na rangi. Kiraka cha namna hiyo huondoka mara nyingi manyoya yanapobadilika. Kama sura ya paka wako ni jambo kubwa kwako, mwombe daktari apasulie katikati ya tumbo badala ya ubavuni, au panga upasuaji msimu wa joto.

Sasa, weusi usiotokana na baridi. Ukipapasa ukakuta magamba, ukoko, harufu au paka anaruka ukimgusa, huo ni ugonjwa wa ngozi. Uchafu mweusi mkavu ndani ya sikio, unaofanana na unga wa kahawa, na paka anatikisa kichwa, ni utitiri wa masikio, na dawa yake ipo. Ukiona nywele nyeupe zimeota kuzunguka macho kwenye ule uso mweusi, tafuta kilichompata wiki za nyuma: homa, ujauzito, kuhamishwa nyumba, mgeni mpya. Hizo nywele hazina dawa, hurudia rangi yake zenyewe, ila zinakuambia mwili ulipita kwenye shida.

Amezaa watoto wa milia

Si ugonjwa, lakini huleta ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi, kwa hiyo tulimalize. Mtoto hupata sura ya Siam akirithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama. Jike lako likipandwa na shume wa mtaani asiye na kinasaba hicho, watoto wote watatoka na rangi kamili, wa milia au weusi, ingawa kila mmoja amebeba nusu ya mama ndani yake. Na uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, maana paka jike hupandwa na madume kadhaa kwenye joto lilelile, yaani kipindi kilekile cha kutaka dume. Kwa hiyo kukuta watoto wawili weupe na watatu wa milia haimaanishi umeuziwa chotara. Inamaanisha dirisha lilikuwa wazi.

Ana makengeza, macho yanachezacheza

Kwa paka wa Siam, makengeza ya tangu utotoni ni sehemu ya maumbile. Kasoro ileile ya rangi ni aina ya ualbino, na kwenye ualbino baadhi ya nyuzi za mishipa inayotoka jichoni kwenda kwenye ubongo hupita upande usio wake. Kuna paka ambao macho yao hukutana puani, na wengine mboni huchezacheza upande kwa upande. Zamani walikuwa wengi zaidi, wafugaji wa kimataifa wakawapunguza kwa kuchagua wazazi. Paka wa namna hii anaona, anaruka, anakamata mjusi. Huenda akakosea kidogo kipimo cha umbali, basi. Macho yakimulikwa usiku kwa tochi hung'aa mekundu badala ya kijani, na hilo pia lisikutishe.

Linalotakiwa kukutisha ni mabadiliko. Paka mzima aliyekuwa na macho sawa akapata makengeza ghafla, au mboni zake zikabaki pana mchana kweupe, au akaanza kugonga kiti ulichokisogeza jana, apelekwe. Ukoo huu una ugonjwa wa kurithi unaokausha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, polepole hadi upofu. Shinikizo la damu kwa paka mzee hupofusha ghafla. Na lishe duni inafanya vivyo hivyo: paka asiyepata taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, huharibika retina na moyo pamoja. Ugali uliochovywa mchuzi unashibisha, haumlishi. Kwa anayempikia nyumbani, moyo wa ng'ombe na nyama nyeusi ya kuku vina taurini nyingi, na mchuzi wake usimwagwe, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Maini mpe kidogo tu, si kila siku, kwani vitamini A ikizidi inamharibu mifupa.

Analia usiku kucha

Sauti ya paka huyu ni nzito, ndefu, na haoni haya kuitumia. Anakusalimia, anakulalamikia, anakujibu. Mtu aliyezoea paka wa ghalani anayekuja saa ya kula na kuondoka atadhani huyu ana jini.

Anza kwa kujiuliza anaishije. Ukiondoka saa moja asubuhi kwenda dukani na kurudi saa mbili usiku, paka wa Siam amekuwa peke yake siku nzima, na usiku ndiyo zamu yake ya kuwa na watu. Haumwi, ni mpweke. Mchezeshe robo saa kabla ya kulala, kamba yenye kitambaa inatosha, mpe chakula cha mwisho baada ya mchezo, kisha zima taa. Usimpigie kelele, kwake ni mazungumzo yameanza. Kama nafasi ipo, fuga wawili. Kwa ukoo mwingine ningesema ni hiari. Kwa huyu naona ni haki yake.

Ikiwa ni jike ambalo halijafungwa kizazi, analia huku akijiviringisha sakafuni na kuinua kiuno, huyo yuko kwenye joto. Majike ya Siam hupevuka mapema, wengine wakiwa na miezi 4 au 5, mwenye nyumba bado anamwita mtoto. Na huku kwetu hapati likizo. Joto la paka hufuata urefu wa mchana: nchi za mbali na ikweta, mchana ukifupika anatulia miezi kadhaa. Arusha na Moshi, mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo joto linaweza kujirudia kila baada ya wiki mbili tatu Januari hadi Desemba. Dawa ni kumfunga kizazi. Yale maneno kwamba lazima azae mara moja kwanza hayana msingi. Akifungwa kabla ya joto la kwanza, hatari ya saratani ya matiti inashuka sana.

Paka wa zaidi ya miaka 10 aliyeanza kulia usiku hivi karibuni ni habari nyingine kabisa. Hapo fikiria tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi (anakula sana na bado anakonda), figo, shinikizo la damu, uziwi. Apimwe damu na mkojo. Na paka wa umri wowote ambaye sauti yake imegeuka, anadondosha mate, amekuwa mkali ghafla au anajificha na kuyumba, usimshike kwa mikono mitupu. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia. Akikung'ata, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Chanjo yake hutolewa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kwa ratiba ya daktari. Hata paka wa ndani aipate.

Anatafuna sweta na blanketi

Paka wa Siam na ndugu zake wanajulikana dunia nzima kwa hili. Wengine hunyonya tu kitambaa kama wanavyonyonya ziwa, wengine hukata na kumeza. Kuna damu ya ukoo ndani yake, na kutenganishwa mapema na mama kunachangia. Mtoto asichukuliwe kabla ya wiki 12. Msimu wa baridi wa Arusha, sweta zikiwa kila kiti, tabia hupanda.

Kunyonya peke yake hakudhuru. Kumeza ndiko kunakoua. Uzi ukishika mwanzoni mwa utumbo na mwisho wake ukiendelea kusukumwa, utumbo hujikunja na kukatika. Dalili ni kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, kukaa amejikunyata. Ukiona uzi umening'inia mdomoni au mkunduni, usiuvute. Usiukate pia. Mpeleke ulivyo.

Kwa kuzuia: sweta kabatini, milo midogo mara nne badala ya miwili mikubwa, na kitu halali cha kutafuna, kama kipande cha ngozi mbichi ya kuku au majani ya mahindi machanga. Paka akianza tabia hii ukubwani ghafla, apimwe upungufu wa damu na matatizo ya tumbo.

Anakohoa kama anataka kutapika, hatoi kitu

Tazama mkao. Paka anayetapika tumbo lake husukuma kwa nguvu na kitu hutoka. Paka mwenye pumu huinama, hunyoosha shingo mbele usawa wa sakafu, hukohoa mfululizo, kisha humeza na kuendelea na shughuli zake. Watu husema ni nywele zimemkwama. Kwa paka wa manyoya mafupi ambaye kukohoa huku kunarudi kila wiki, mimi nawaza pumu kwanza, kwa kuwa ukoo wa Siam unaipata kuliko koo nyingi.

Kisha tafuta kinachoichokoza nyumbani. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa Julai, dawa ya mbu ya kuchoma, udi, marashi ya kupuliza, vumbi la barabara ya mtaani wakati wa kiangazi, hata mchanga wa choo chake ukiwa na vumbi jingi. Ondoa kimoja kimoja uone. Minyoo ya mapafu nayo hukohoza paka anayekula mijusi na panya, kwa hiyo daktari ataomba kinyesi kipimwe.

Mhesabie pumzi akiwa amelala fofofo: mbavu zikipanda na kushuka ni moja. Chini ya 30 kwa dakika ni kawaida. Zikizidi hapo siku baada ya siku, ana tatizo. Akihema mdomo wazi, fizi zikawa za bluu, hilo ni la kukimbia, hata kama ni usiku wa manane.

Tumbo na mapaja yamebaki kipara

Ni kweli paka wa Siam mwenye msongo hujilamba hadi nywele ziishe. Lakini jibu la "ana mawazo" lije mwisho, baada ya viroboto kuondolewa lawama. Usipowaona, fanya hivi: msimamishe juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyoloweshwa, mchane mgongoni karibu na mkia kwa kitana chenye meno ya karibu. Vidoa vyeusi vikidondoka na kuyeyuka kuwa wekundu wa kutu, hiyo ni damu yake iliyopita tumboni mwa kiroboto. Kiroboto mmoja anatosha kwa paka mwenye mzio. Duara lisilo na nywele lenye ukingo wa magamba ni fangasi, nalo huambukiza watoto wa nyumbani.

Amekonda

Paka wa Siam ni mwembamba kwa umbile: jike kilo 3 hadi 4, dume 4 hadi 5 hivi. Pitisha viganja ubavuni. Mbavu uziguse kwa urahisi bila kuziona, hapo yuko sawa, usimjaze maziwa. Paka wengi wazima hawameng'enyi sukari ya maziwa ya ng'ombe, yatamharisha tu. Aliyepungua kweli aangaliwe minyoo, meno (ukoo huu unaugua fizi mapema), figo na ini. Na paka wa umbile lolote asiyekula kabisa siku mbili asisubiriwe ya tatu. Ini lake hujaa mafuta na tatizo linakuwa kubwa kuliko lililoanza.

Dume yuko chooni, anachuchumaa, mkojo hautoki

Hapa hakuna la kujaribu nyumbani. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, ukiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili au pungufu. Watu hudhani amefunga choo, wanampa mafuta ya kula. Akirudi chooni mara kwa mara, analia, anajilamba sehemu za siri na mchanga mkavu, twende kwa daktari sasa hivi.

Amelegea au anatetemeka baada ya kupewa dawa

Paka hana uwezo wa ini kuvunja dawa nyingi ambazo binadamu, mbwa na ng'ombe huzimudu. Nusu ya kidonge cha Panadol inaweza kumuua. Fizi hugeuka kahawia au bluu, uso na nyayo huvimba, anahema kwa shida. Dawa ya kumwokoa ipo na inafanya kazi akifikishwa mapema, kwa hiyo usimfiche daktari ulichompa.

La pili ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Inauzwa kila duka la pembejeo, kuanzia Kilombero ya Arusha hadi Mbuyuni ya Moshi, na mtu mwenye nia njema hupunguza kidogo kwenye ndoo akamwogesha paka wa viroboto. Ndani yake mna sipamethrini, deltamethrini au amitrazi, na unga wa viroboto wa mbwa mara nyingi una pamethrini. Ndani ya saa chache paka anatetemeka masikio, anadondosha mate, anapata degedege. Mwogeshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunge kwenye taulo asipoe, na umkimbize. Usimpe maziwa, usimtapishe. Chukua kopo lenyewe uende nalo, daktari asome jina la dawa.